Shimo la Bomba

Watu huniambia nina wazimu wa maji. Nayachemsha mpaka nusu inaishia hewani, nayachuja kwa kitambaa, nayafunika, na mgeni akithubutu kuchota kwa kikombe alichokwisha kunywea namfukuza jikoni hata awe padri. Majirani wananicheka. Wanasema bibi, maji ya siku hizi yanatoka yametiwa dawa. Nawajibu hiyo dawa mimi sijaiona kwa macho yangu, na naendelea kuchochea moto. Wangekuwa pamoja nami katika ile nyumba ya vyumba sita pale Kariakoo, mitaa miwili nyuma ya soko, wasingenicheka.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Ukiona watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, unaunga kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa ni nini. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa njano foleni. Mafuta ya taa yalikuwa habari ya kusikia kwa wengine. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la shirika moja la umma, na masika yale alikuwa amepeleka mbolea kusini, kwetu, mvua ikakata barabara, akakwama huko. Nikabaki mjini na binti yangu mmoja, ndiyo kwanza ameanza kusimama dede, anashika kiti, anaachia, anacheka, anaanguka. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka mapema, kwa hiyo mtoto alikuwa wa uji na maji.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa, mjane asiye na mtoto, mnene wa mwili na mwepesi wa maneno. Siku ya kwanza nilipofika na kitanda changu na mbuzi ya kukunia nazi niliyopewa na marehemu mama, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Karibu mwanangu. Ila nyie watu wa kusini nawajua, panya wa nyumba hii wana wenyewe." Nikacheka, nikajua nitakaa. Mtoto alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa alijihesabu bibi yake akawa anamwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu kaamka? Leo zamu ya nani kumpikia bwana?" Kila asubuhi hivyo hivyo, na mtoto akishaisikia sauti ile ukumbini anarusha miguu.

Sasa bomba. Nilipohamia lilikuwa limesimama uwani kwenye nguzo ya saruji, linatoa maji asubuhi na jioni. Kisha ikawa asubuhi tu. Kisha likawa linakohoa, linatema kikombe cha kutu, linanyamaza. Maji yalikuwamo chini ardhini, nguvu ya kupanda ndiyo hayakuwa nayo. Mama mwenye nyumba akasimama mbele ya nguzo ile, mikono kiunoni, akasema, "Kama hayataki kupanda, tutayafuata hukohuko." Akamwita fundi. Fundi akavunja sakafu, akachimba, akakata bomba chini ya usawa wa uwa. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele. Baada ya miezi yakapungua tena, fundi akarudi, akachimba zaidi, akakata tena. Mwisho tukawa na shimo la kumeza mtu mpaka kifuani, lenye vidaraja vya udongo vya kushukia, na huko chini mdomo wa bomba umezibwa kwa kijiti kilichoviringishwa mpira wa baiskeli. Ukitaka maji unashuka, unapiga magoti, unachomoa kijiti, unakinga.

Mtaa mzima ulituonea wivu. Nyumba nyingine watu walitembea na madebe mpaka Magomeni kutafuta maji, sisi tunashuka vidaraja vitano. Mama mwenye nyumba alivimba kichwa kwa lile shimo kuliko mwenye gari. Mgeni akija, kabla hajaketi sawasawa, anapewa maji katika bilauri: "Kunywa, mgeni wangu. Haya ni ya bomba letu." Na mgeni anakunywa na kusifu, ingawa mvua ikinyesha maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mara mbili. Mimi nilikuwa nayaacha yatuame, nayachuja kwa upindo wa kanga, nafunga macho. Redio ilikuwa inatuhimiza kila jioni tuchemshe maji ya kunywa. Nilikuwa natamani yule bwana wa redio aje mwenyewe na gunia la mkaa mabegani, ndipo tuzungumze.

Kulikuwa na jambo moja jingine kuhusu bomba lile, nalo tulilichukulia kama mchezo. Maji yalipokatika, mdomo wa bomba ulikuwa unavuta. Ukisahau kuliziba kwa kijiti unasikia fyoo, na kilichoko karibu kinaingia: jani, uzi, tope la shimoni. Watoto wakubwa walikuwa wanashuka kuweka viganja waone vinavyonata. Siku moja bomba lilivuta upindo wa kanga yangu, nikapiga ukelele, na mama mwenye nyumba akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwache mwenzio avute pumzi," akasema. "Kazi yote hii ya kutunywesha, hachoki?"

Kipindupindu kilikuwa kinasemwa chini kwa chini, kisha kikasemwa wazi. Mabwana afya walipita na mabomba ya dawa mgongoni, wakamwaga chokaa kwenye mifereji. Nyumba itakayokutwa na mgonjwa watu wake wanahamishiwa kwenye mabanda nje ya mji, na atakayefia huko anazikwa na watu wa jiji. Hilo la mwisho ndilo lililowatisha watu kuliko ugonjwa wenyewe. Iliaminika, na ilikuwa kweli, kwamba maiti hawaoshwi. Wanatiwa kwenye nailoni, wanamwagiwa chokaa, wanafukiwa.

Katika siku hizo mdogo wake mama mwenye nyumba alifika kutoka shamba, upande wa Rufiji. Alifika kwa miguu yake, ameshika kapu la maembe, lakini macho yalikuwa yamezama. Hakula. Akaingizwa chumba cha uani, mlango ukafungwa, na siku nzima tukamsikia dada yake akitoka na ndoo ya majivu na kurudi. Sisi wapangaji tulikuwa wengi, kila mtu ana masikio na pua, na hakuna aliyeuliza. Asubuhi ya pili tukasikia kilio.

Alitukusanya ukumbini, kanga imefungwa kichwani, macho makavu. "Ndugu yangu kafa kwa homa," akasema. "Kafa kwa nini?" Tukajibu kwa pamoja, "Homa." Akaniangalia mimi, labda kwa kuwa mimi si Mwislamu, labda kwa kuwa alinijua mdomo wangu. "Mwanangu, huyu nimemlea mimi. Mama yetu alikufa huyu akitambaa. Nilimwogesha mimi tangu hajui kusimama. Leo aende kwa Mola wake na janaba la ugonjwa, kwa sababu ya watu wa jiji?" Nikamwambia, "Pole mama," na nilikuwa nasema kweli. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Hata mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila panya aliyelala katika nyumba zake, alikuja, akaambiwa homa, akasema homa mbaya sana mwaka huu, akaenda kuwasemea wafiwa dukani ili matanga yapate sukari na mchele.

Maiti huoshewa juu ya mfuo, ndilo shimo linalochimbwa ili maji ya kuoshea yaingie humo yasitapakae, kisha yafukiwe. Mtu hakanyagi maji yale. Yana heshima yake. Wanaume walikuja na majembe, wakatafuta pa kuchimba. Uwa wote ulikuwa sakafu ya saruji. Udongo ulikuwa mahali pamoja tu, pale fundi alipovunja, ubavuni mwa shimo la bomba, nao ni laini kwa kuwa ulikwisha kuchimbwa na kufukiwa mara mbili. Wakachimba pale. Wakazungushia kanga na shuka, na maji ya kuoshea hayakuwa na mwendo, hatua moja tu. Nakumbuka mtu mmoja alisema hapa ndipo hasa, Mungu ametuandalia. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto begani. Nilisikia maji yakimwagwa, kata baada ya kata, na dada yake nje ya pazia akisema, "Msimharakishe. Mwosheni vizuri. Masikio pia."

Akazikwa siku hiyohiyo, na mvua ikaanza wakati watu wanarudi makaburini. Haikukatika. Uwa ukawa ziwa, shimo la bomba likajaa, likapungua, likajaa tena. Maji ya bombani yalikatika, yakarudi, yakakatika. Tulikuwa tunalisikia likivuta hata tukiwa ukumbini, na hatukulijali. Yaliporudi tulikinga kila chombo, kwa maana hakuna aliyejua lini tena. Mkaa sokoni ulikuwa umelowa na kuadimika. Nilimnywesha mwanangu maji yale yakiwa yamechujwa tu. Ndiyo yaliyokuwapo.

Aliamka asubuhi moja akatapika uji. Kisha akaharisha, na nilipomvua nepi sikuona choo cha mtoto. Niliona maji meupe, maji ya kuoshea mchele. Akaharisha tena kabla sijamfunga nepi nyingine. Kufika saa nne utosi ulikuwa umebonyea, nikabana ngozi ya tumbo ikabaki imesimama kama karatasi. Halii. Hilo ndilo lililonimaliza, mtoto mwingi wa kelele kama yule, amelala ananitazama tu.

Nilijua dawa ya kwanza, kila mama alikwisha kufundishwa kliniki: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi. Chumvi nilikuwa nayo. Sukari sina, mkaa sina, mafuta ya taa sina. Nikachukua panga, nikapasua mbuzi ya nazi ya mama yangu, nikapasua na kigoda, nikawasha moto ukumbini juu ya mafiga matatu ya matofali. Moshi ukajaa nyumba. Wapangaji wakatoka wakikohoa, wakaniona napuliza moto kwa kamasi na machozi.

Mama mwenye nyumba akaja. Alimtazama mtoto, na niliona uso wake ukibadilika, kwa kuwa alikwisha kuyaona yale macho siku chache nyuma. Akaingia chumbani kwake, akatoka na sukari yote iliyosalia ya matanga katika bakuli. Akachuchumaa, akakoroga yeye mwenyewe, akaonja. "Isizidi ladha ya machozi," akasema. Tukawa tunamtilia mtoto kijiko kwa kijiko, mimi nashika kichwa yeye anashika kijiko. "Kunywa, mke mwenzangu. Bwana tutamwachia nani?" Mtoto anameza, anatapika, tunaanza upya.

Nikasimama nikamfunga mgongoni. Akaniuliza naenda wapi, na alikuwa anajua.

"Zahanati."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Anakunywa huyu. Jioni atakuwa mzima."

"Mama, huyu jioni hafiki."

Akasimama mlangoni. Mlango ule ulikuwa mpana, lakini naye alikuwa mpana. "Wataniuliza. Watajua. Watamfukua ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Nimekuzalisha mimi. Nakupigia magoti." Na akaanza kupiga magoti kweli, mtu mzima yule, sakafuni. Nilimwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi, silirudii hapa, nikapita juu ya kanga yake.

Nilikwenda mbio katika mvua, nikapita soko jipya na zege lake, nikavuka Msimbazi bila kutazama magari. Kila baada ya nyumba kadhaa nilikuwa napeleka mkono nyuma kumfinya mguu nione kama atashtuka. Mara alishtuka, mara hakushtuka, nami nikaanza kumtukana Mungu kwa lugha ya kwetu ili watu wasielewe.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka barazani. Sikupanga foleni. Maisha yangu yote nilikuwa nimepanga foleni, siku ile nilipita watu wote wakinizomea, nikamweka mtoto juu ya meza ya nesi, juu ya vitu vyake. Nesi alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kutolala. Akafungua nepi, akafunika haraka.

"Mnakaa wapi?" Nikamwambia.

"Maji mnachota wapi?"

"Bomba la nyumbani."

"Kuna mwingine nyumbani kwenu aliyeharisha siku hizi?"

Nikageuka, sijui kwa nini. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani. Alikuwa amenifuata katika mvua mguu peku, ameshika kile kibakuli cha maji ya sukari, amekifunika kwa kiganja. Amenikazia macho. Kama ningesema hakuna, mwanangu angetibiwa tumbo la kawaida, akapewa kichupa, nikarudi naye nyumbani kulekule. Kama ningesema yupo, basi.

"Yupo," nikasema. "Tumemzika."

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu," kisha akaja, akaweka kibakuli juu ya meza karibu na kichwa cha mtoto, akaondoka.

Walitupeleka kwenye mabanda kwa gari, mimi na mtoto na wengine. Sitaeleza mabanda yale. Vitanda vilikuwa vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini, na harufu ya dawa ya kuua wadudu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali natoka nje. Walimtundikia mwanangu maji ya mshipa. Mshipa ulikuwa umejificha, wakatafuta mkononi, wakatafuta mguuni, wakamchoma kichwani. Nesi wa pale akaniambia jambo la kungoja ni moja. "Akikojoa, mama, amepona. Asipokojoa, tuombe."

Basi nikangoja mkojo. Sijawahi kungoja kitu hivyo, si mume, si barua, si mshahara. Nilikuwa nimeweka mkono chini yake, kiganja wazi, nasikilizia. Nilipewa jagi la maji yaliyochemshwa kwa ajili yake, la siku nzima, lenye kifuniko, na nikaonywa asiguse mtu mwingine kwa kuwa kuni ni chache na wagonjwa ni wengi. Nilikuwa nimelikumbatia jagi lile kwa mkono mwingine. Katika kukaa hivyo ndipo nilipowaza mambo kwa utaratibu: udongo laini, mfuo, mvua, lile fyoo. Nikaona njia yote yaliyopita yale maji, kutoka kwa marehemu mpaka kinywani mwa mwanangu, na ilikuwa njia fupi ya hatua moja.

Alikojoa kesho yake mchana. Joto kiganjani mwangu, kidogo sana, lakini joto. Nilipiga kigelegele katika mabanda yale, watu wakadhani nimerukwa na akili.

Ni mchana huohuo walipomleta mama mwenye nyumba. Sikumtambua. Ule unene wote ulikuwa umekwenda kwa siku moja, ngozi imebaki imemning'inia, sauti imekauka. Walimweka kitanda cha pili kutoka kwangu. Walitafuta mshipa wakaukosa, wakamtazama umri, wakaenda kwa wengine.

Nilimsogelea. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Mke mwenzangu?"

"Amekojoa, mama."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho, akafumbua. Kisha akanisimulia, kwa vipande, kwa ile sauti ya mnong'ono. Mabwana afya walikuja na chokaa na majembe kufukia shimo la bomba. Mkubwa wao akasimama uwani, mbele ya wapangaji na majirani, akasema shimo hili limejaa uchafu wa maiti. Akasema hivyo, uchafu. "Nikashuka," akaniambia. "Nikachota kata nzima. Nikawaambia, haya ni maji aliyooshwa ndugu yangu, nani anayaita uchafu? Nikanywa. Nikachota nyingine, nikanywa. Wakanyamaza wote."

Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, mtu anakufa mbele yangu nami natamani kumzaba kofi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuumbuliwa na kifo, alikiendea kwa miguu yake, akashuka vidaraja vitano na kata mkononi, kwa ubishi. Na nilimpenda, na nilijua kwamba bila kibakuli chake cha sukari mwanangu asingefika zahanati.

"Hawataniosha," akasema.

Sikuweza kumdanganya, alijua taratibu kuliko mimi.

"Nioshe wewe. Sasa hivi, ningali hai."

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Najua wewe ni nani. Mla panya." Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi. "Nioshe, mwanangu. Watakuja saa yoyote."

Maji yaliyokuwapo yalikuwa ya jagi lile. Nilimtazama mwanangu, amelala, nepi imelowa, kifua kinapanda na kushuka. Nikamwomba nesi maji mengine, akaniambia mpaka kesho asubuhi. Nikalirudia jagi. Nikamwachia mtoto kikombe kimoja, nikakifunika kwa sahani, na yaliyobaki nikaenda nayo.

Sikujua utaratibu wao. Nilianza na mikono kwa sababu ndiyo niliyoijua zaidi, ile iliyomwogesha mwanangu. Nikaosha uso, kinywa, mbele ya kichwa. Nikainua kanga nikaosha miguu, vidole kimoja kimoja. Aliponiona nasitasita alininong'oneza, "Masikio pia." Nikaosha masikio. Yeye alikuwa anasoma yake kwa midomo, mimi nasoma yangu.

Alifungua macho. "Ya wapi haya?"

Mimi niliyesema kweli pale zahanati, mbele ya watu, nikiwa namwangalia usoni, nilimwambia, "Ya bomba letu, mama."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jua lilikuwa halijazama walipokuja na nailoni na ndoo ya chokaa. Walikuwa wawili, mmoja kijana, mwingine mtu mzima mwenye kofia ya kiua iliyochakaa. Waliuliza kama ana ndugu. Nikasema mimi. Yule mtu mzima alipoinama kumfunika akasoma kitu kidogo, kisha akaguna na kusema, kama anayesema na nafsi yake, "Masikini, mama wa watu anakwenda bila kuoshwa."

"Ameoshwa," nikamwambia.